Kijiko cha Kumi na Moja

...na cha kumi na moja kimeingia, polepole, tumbo la kijiko likiubonyeza ulimi kidogo tu katikati, kisha kikatoka kitupu, na kidole cha kati cha Raili kikabaki chini ya kidevu cha mtoto pale pale kinapokaa siku zote, na sasa ni kusubiri, maana kumlisha Hilla ni kusubiri, uji ni kisingizio tu, kazi yenyewe ni kukaa na kidole chini ya kidevu mpaka koo lipande na kushuka, na hili la leo halipandi, bado, haidhuru, mwenye haraka akalishe kuku... saa ya ukutani inasema saa sita kasoro dakika kumi, kikao ni saa sita kamili, dakika kumi basi, vijiko viwili, vitatu Mungu akijalia, na bakuli bado liko nusu, uji wa shayiri umeshaota ngozi juu, siagi aliyoitia katikati imeganda, lakini Hilla anamtazama, macho yale ya kijivu yasiyo na papara, ana miaka sita na mikono iliyojikunja kifuani na miguu iliyokaza kama vijiti, mtindio wa ubongo tangu siku ya kuzaliwa na kifafa juu yake, mwili mzima una ubishi ila macho, macho yanatii, yanakutazama mpaka unajisikia kwamba upo, na Raili aliwaza, kama anavyowaza kila siku saa hizi, kwamba tangu jana saa kama hizi hakuna mtu aliyemtazama usoni, dereva wa basi alitazama kadi, muuzaji wa dukani alitazama maziwa, jirani kwenye lifti alitazama viatu vyake mwenyewe, kama ilivyo adabu ya nchi hii, mtu wa huku Savo akikutazama usoni kwenye lifti ujue nyumba inaungua... meza, mwanangu, meza, hatufukuzwi na mtu.

Nje kwenye ujia wa kituo magurudumu yalikuwa yanapita, moja, mawili, kiti cha tatu kinacholia kama panya kwa sababu hakuna anayekitia mafuta, na harufu ya taulo na dawa ya bwawa, Alhamisi, siku ya maji ya moto, watoto wengine wanapelekwa majini, na Hilla akasikia, Raili aliliona sikio likisikia, bega likashtuka, kisha kichwa cha Siiri kikachungulia mlangoni, Siiri nesi mwenzake, miaka ishirini na sita, pete tatu kwenye sikio moja, akauliza, "Raili, Hilla anakwenda majini leo?" na Raili akajibu bila kugeuka kwamba hajamaliza, na Siiri akasema, "Alhamisi iliyopita pia hakumaliza," na Raili akasema, "Basi hajamaliza mara mbili," jibu la mkato, jibu la kizee, na Siiri akarudi ujiani, magurudumu yakaendelea... ana ulimi huyo msichana, anamwita bibi wa kijiko, mbele yake na nyuma yake, na si kwa ubaya, wote humu wanajua, hata mpishi anajua, kwamba Hilla hali kwa mtu mwingine, Siiri akimlisha uji unatoka puani, wa zamu ya jioni wakimlisha anakohoa mpaka anakuwa zambarau, baba yake Petteri, mwanaume wa kuendesha gari la magogo, mikono kama makasia, alijaribu mara moja na akalia, lakini kwa Raili anakula, vijiko ishirini siku nzuri, kumi na tano siku za kawaida, mwenda pole hajikwai, amewafundisha hivyo wanafunzi wa uuguzi miaka ishirini na minne, kaa chini, usisimame juu ya mtoto, weka saa mfukoni, mwenda pole hajikwai... miaka miwili hajachukua likizo zaidi ya siku nne kwa mpigo, na akiulizwa husema hana pa kwenda, jambo ambalo pia ni kweli.

Koo halijapanda. Analikanda kidogo kwa ncha ya kidole, chini ya taya, mduara mdogo, mduara mdogo, hapo ndipo panapoamka... Jumanne Jonna alipiga simu, mama yake Hilla, sauti ya mtu aliyejifungia bafuni ili mtoto mwingine asisikie, akasema daktari ameng'ang'ania, anataka ule mrija, tundu dogo ubavuni mwa tumbo lenye kizibo kama kile cha boya la kuogelea la watoto, chakula kinapita hapo moja kwa moja, kinywa kinapumzika, operesheni ni ya nusu saa, yeye hataki, Petteri hajui anataka nini, "lakini wewe ukisema bado, Raili, basi ni bado, kwako anakula, mimi nakuamini wewe kuliko karatasi zao," na Raili akiwa amesimama jikoni kwake mbele ya sinki, maana yeye hula amesimama, mkate na kipande cha jibini mkononi, sahani ya nini kwa mtu mmoja, dakika nne kwisha, aliona kitu cha joto kikipanda kifuani, akasema, "Nitawaambia kikaoni," na alipokata simu akajikuta anatabasamu kwenye kioo cheusi cha dirisha, peke yake, mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyepewa zawadi, na hilo tabasamu, hilo, kwa nini linamrudia sasa na kumtia haya, si alisema ukweli, si kweli kwamba mrija si chakula, atatundikiwa mfuko kwenye mti wa chuma na watu wataondoka zao, atajazwa kama tangi, hakuna atakayekaa naye, hakuna atakayemwambia leo ni shayiri Hilla, leo kuna siagi, ladha ya siagi ataijulia wapi, hizo ndizo hoja zake, amezipanga tangu Jumanne, amezipanga kwenye basi, amezisema kwa sauti kwenye sauna ya Jumatano, chumba cha mvuke ambako hakuna wa kumjibu, benchi la juu lote lake tangu mumewe Tauno afe, miaka sita sasa, Tauno angesema nini, Tauno angetia maji kwenye mawe na kunyamaza, kisha baada ya dakika tano angeuliza, na Juni je?

Na Juni je. Siiri ameuliza hivyo hivyo wiki iliyopita, kwenye kahawa, mbele ya watu, ukistaafu Juni nani atamlisha, na Raili akasema mwanafunzi mzuri hupatikana, kisha akainuka kwenda kuosha kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa... Hilla amemwacha. Macho yameondoka usoni mwake, yamekwenda dirishani, pembeni kule kulia, kama kawaida yake ikifika kijiko cha kumi, cha kumi na moja, ndege, eh, unaangalia ndege wako, kibanda cha kulishia ndege kinaning'inia kwenye mti wa gome jeupe nje ya dirisha, Raili ndiye aliyekitundika, vile vindege vya kifua cha njano vinakuja na kugombana kama abiria, mtoto gani hatavitazama, kabla ya Krismasi ilibidi amgeuze kiti ampe dirisha kisogo ili ale, na Hilla akawa anapinda shingo kwa nguvu, shingo lile gumu, mwili wote unakaza, jasho kwenye paji, ili tu apate kuangalia kule, ndege wana nguvu hivyo, mpaka akamrudishia kiti kwa huruma, haya, tazama ndege wako, lakini umeze kwanza, meza kisha utazame... nyama ya shingo imekwenda wapi. Pale chini ya kidole. Zamani kulikuwa na kijinyama laini, kidole kilizama, sasa kuna kamba mbili na shimo katikati, anarefuka, watoto wa miaka sita hurefuka, ndivyo alivyojiambia asubuhi bafuni alipoona mbavu, anarefuka.

Asubuhi. Siiri alichelewa kwa sababu ya theluji, magari yalikuwa yamekwama mlimani, ndipo Raili akamwogesha Hilla yeye mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu lini, tangu Oktoba, bafu ni la zamu ya Siiri, la Raili ni chakula, kila mtu na lake, akamfungua mikanda ya kile kizibao kigumu cha kunyoosha mgongo, akamvua magango ya miguu, akamlaza kwenye wavu wa kuogea, na mbavu zikahesabika, kumi na mbili huku, kumi na mbili kule, na Siiri anaziona kila asubuhi, amesema kitu Siiri, amesema mara ngapi, "Raili, mbona naona amepungua," na Raili amemjibu mara ngapi, "Mizani haijasema," na mizani kweli haijasema, Septemba kilo kumi na nne na gramu mia sita, Novemba ikapanda kidogo kisha ikarudi, Januari kumi na nne na mia sita, jana daktari kasema kwenye simu kwamba uzito umesimama, haupandi ila haushuki, na hilo neno, haushuki, ndilo ngao ya Jonna, ndilo ngao ya Raili, mtoto asiyeshuka kwa nini atobolewe... kisha akainua kile kizibao akiweke juu ya kipasha joto kikauke, kwa mkono mmoja, na kiwiko kikashuka. Kiwiko kilishuka. Akajiambia kimeloa maji. Akajiambia hivyo na kukiweka na kuendelea kumpangusa mtoto vidole, kidole kimoja kimoja, akimwimbia, na hakufikiri tena, saa nne nzima hakufikiri, na sasa hapa na kidole kwenye shimo la shingo anafikiri, plastiki hainywi maji, Raili, plastiki tangu lini inakunywa maji.

Kipya. Ni kipya. Novemba alikuja yule bwana wa karakana ya viungo na masanduku yake, mchangamfu, akasema hivi vitadumu mpaka atakapoanza kuposwa, kizibao kipya chenye plastiki nene na ubapa wa chuma mgongoni, na magango marefu yanayopanda mpaka chini ya goti, si yale mafupi, na wote wakasifu jinsi anavyokaa wima, Jonna akapiga picha, keki ililiwa, na Jumatatu yake akapimwa kama kawaida kwenye mizani ya kiti, na vifaa vyake mwilini, maana bila kizibao hawezi kukaa, anajikunja kama gauni lililodondoka, hivyo anapimwa navyo kisha vinatolewa kwenye hesabu, na vinatolewa kiasi gani, kuna karatasi, imebandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye mizani, kalamu ya buluu, herufi kubwa, TOA KILO 1.2, na chini yake jina, Raili, mwandiko wake, ameuandika miaka miwili iliyopita baada ya kuvipima vile vya zamani mara tatu kwa sababu yeye ni mtu wa uhakika, na watu wa huku wakikuta karatasi imebandikwa ukutani na ina jina la mtu hawaulizi tena, ndivyo walivyo, ndivyo alivyo yeye mwenyewe, kwenye jengo anamokaa kuna karatasi chumba cha kufulia, tafadhali usifue baada ya saa mbili, Kettunen, na mzee Kettunen alizikwa zamani sana, hakuna aliyebaki anayesumbuliwa na mashine hizo, na bado saa mbili ikigonga watu wanachukua nguo zao mbichi wanapanda nazo, Raili mmojawapo, alikuwa anacheka na Tauno juu ya hilo, taifa zima linaongozwa na marehemu na gundi... toa moja nukta mbili. Siiri anatoa moja nukta mbili. Wa jioni wanatoa moja nukta mbili. Na kile kitu juu ya kipasha joto pamoja na yale magango ni pakiti mbili za maziwa, mkono wa nesi ni mizani, miaka arobaini anainua watu na vitu, pakiti mbili, kilo mbili kamili au kasoro unywele, mbili toa moja nukta mbili, gramu mia nane, basi kule kupanda kwa Novemba kulikuwa plastiki, hakusimama, alikuwa anashuka, kila Jumatatu tangu Novemba alikuwa mwepesi kuliko karatasi, kumi na tatu na mia nane, mtoto wa kilo kumi na tatu na mia nane, na yeye hapa na kijiko chake, anakula vizuri, anakula vizuri, amekula vizuri, neno lile lile kwenye kumbukumbu kila siku kwa mwandiko ule ule wa buluu.

Koo lilitikisika chini ya kidole, nusu, likarudi. Bado. Usilie hapa. Mlango wa nje umefunguka, baridi imeingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, mtu anapiga viatu chini kuondoa theluji, mara mbili, mara tatu, ni Jonna, anavua viatu kama kila mtu, anaviweka kwenye rafu, sauti yake na sauti ya Siiri, kahawa ipo, daktari yuko njiani, Petteri anaegesha gari... dakika nne. Vijiko kumi na moja kwa dakika hamsini. Dakika hamsini asubuhi, dakika hamsini mchana, dakika hamsini alasiri, na kila mara akimaliza analala kama mtu aliyetoka kupasua kuni, kichwa kimedondoka, na Raili amekuwa akikiita kile usingizi wa kushiba, ameshiba, muacheni, hakuna kumpeleka majini akiwa ameshiba, na majini huyu mtoto hucheka, mikono iliyojikunja hufunguka yenyewe kwenye maji ya moto, polepole, kama inakumbuka, vidole vyote kumi, mara ya mwisho ilikuwa lini, kabla ya Krismasi, kabla sana, mwenda pole hajikwai, kweli, lakini pia hafiki majini... na ndama. Kwa nini ndama sasa. Ndama wa kule shambani kwao, Raili ana miaka tisa, ndama dhaifu asiyeweza ndoo, ananyonya maziwa kwenye vidole vyake tu, vidole viwili ndani ya ndoo, ulimi wenye mkwaruzo, hataki vidole vya mama, hataki vya baba, ni vya Raili tu, na Raili anaamka kabla ya watu, anatembea kifua mbele kwenda zizini, kisha akapata surua, siku tatu kitandani, akamlilia yule ndama kwamba atakufa, na siku ya nne alipokwenda zizini akiwa amejifunga shuka akamkuta ndama ameingiza kichwa chote kwenye ndoo anakunywa kwa kelele, maziwa mpaka machoni, na baba akasema, "Umeona, anajua," na Raili akaangua kilio, na baba akadhani ni furaha, au hakudhani, baba hakuwa mjinga, alimtazama kitambo kisha akasema, "Alikuwa na njaa ya maziwa, binti yangu, ya vidole ulikuwa nayo wewe," na hajawahi kumwambia mtu maneno hayo, wala Tauno, wala Jarkko mwanawe aliyeko Australia ambaye kila Jumapili humpigia na kuongea naye juu ya hali ya hewa ya pande zote mbili za dunia mpaka dakika kumi zitimie.

Basi ni hilo. Ndilo hilo tu. Si ladha ya siagi. Ni kwamba kila siku ikifika saa tano kuna mtu anayemtazama usoni na hawezi kuondoka... aibu iliyoje, Raili, mtoto aliyefungwa mikanda kwenye kiti. Macho yako wapi. Bado dirishani, yamebandikwa kule kulia juu, hayapepesi, na Raili kwa mara ya kwanza, akiwa bado na kidole pale, kijiko bado hewani mkono wa pili, akageuza shingo lake mwenyewe kutazama kile mtoto anachokitazama, na nje kulikuwa na mti mweupe na theluji na kibanda cha ndege, na kibanda kilikuwa kitupu. Hakuna ndege. Hakuna hata mmoja, wala nyayo zao kwenye theluji, mbegu ziliisha Jumapili, yeye ndiye hununua, alikusudia kununua Jumatatu akasahau, akasahau Jumanne kwa ile furaha ya simu, ndege hawaji pasipo na kitu, wana akili, leo ni siku ya nne, na siku zote nne, Jumatatu, Jumanne, jana, leo, ikifika kijiko cha kumi au cha kumi na moja, Hilla ametazama kule, na Raili amesema, unaangalia ndege wako. Ndege gani. Siku zote nne ndege gani. Na kabla ya Krismasi alipomgeuza kiti, lile jasho, lile shingo lililopindwa kwa nguvu zote za mwili usio na nguvu... alikuwa anaondoa uso. Hana mkono wa kusukuma kijiko, hana neno, hana kichwa cha kutikisa, ana macho tu, akayapeleka mbali nawe kadiri yalivyoweza kwenda, kila siku, mara tatu kwa siku, na wewe ukamgeuza kiti.

Hatua za soksi kwenye ujia, hatua za Jonna, huwa haraka kisha mlangoni zinapungua, mama anayejitengeneza uso kabla ya kuingia... Raili aliinama, si sana, mpaka macho yake yakawa usawa wa yale ya kijivu, na akafanya kitu ambacho kila mtu humu hufanya na Hilla siku nzima, unataka muziki, unataka dirisha lifungwe, macho juu ni ndiyo, macho chini ni hapana, wanajua hata wafagiaji, lakini wakati wa chakula hajawahi kuulizwa, wakati wa chakula kuna kijiko, akamwuliza kwa sauti ndogo, ya wao wawili, "Hilla. Umechoka?" na saa ya ukutani ikaenda, kipasha joto kikagongagonga, kisha macho yakatoka dirishani, yakarudi usoni mwake, yakakaa hapo kidogo kama yanataka kuwa na uhakika kwamba yameulizwa, na yakapanda. Juu, juu kabisa, mpaka weupe ukabaki peke yake. Yakashuka, yakapanda tena.

Haya basi. Haya, mwanangu... sasa nani atakutazama, Raili, mchana ukifika, huyu akiwa majini anacheka na vidole vyake kumi vimefunguka, utakula umesimama wapi, hilo ni lako, libebe mwenyewe, si la mtoto wa kilo kumi na tatu na mia nane, utakwenda na karatasi ile, utaibandua mbele yao, utaiweka mezani jina juu, utasema nani aliyeiandika, utasema ya kizibao na ya ndege pia, Jonna atakutazama, oh, atakutazama usoni, ulitaka kutazamwa, na ile imani yake ya bafuni itaondoka usoni pale pale ukiiona, na sauna ya Jumatano itakuwa kubwa zaidi, na iwe... mlango ukasukumwa, na Jonna akasimama pale amevaa soksi za sufu, mashavu mekundu ya baridi, kikombe cha kahawa mkononi ambacho Siiri amempa, akasema usiinuke, Raili, usiinuke, malizia tu, kisha akauliza kile anachouliza kila anapoingia chumba hiki, kwa uso ule ule uliotengenezwa mlangoni na matumaini yale yale yanayochungulia nyuma yake, "Amekula?"

"Hapana," alisema Raili. "Njoo ukae hapa, Jonna."

Na hakuondoa kidole chini ya kidevu, kwa sababu uji wa kijiko cha kumi na moja ulikuwa bado mdomoni, haujamezwa, na ilibidi mtu asubiri.